Sanamaki kama tiba ya Kiyunani inavyoitumia: kipimo, matayarisho, na kwa nini tumbo linasokota

#1 kinu_na_mchi

Wakuu, kila duka la dawa za asili, kuanzia Kariakoo hadi Mji wa Kale Mombasa, lina sanamaki, na maelekezo ya muuzaji ni yale yale: chemsha, kunywa, usiende mbali na choo. Hicho ni kipande cha katikati cha utaratibu mrefu. Kichwa na mkia vilibaki njiani. Naweka hapa namna matabibu wa Kiyunani wa India na Pakistani, ambako tiba hii bado inafundishwa vyuoni, wanavyoitumia. Wenye kujua zaidi waongeze au wanikosoe.

Mmea ni Senna alexandrina. Vitabu vya zamani vinauita Cassia angustifolia ukitoka Uarabuni au India, na Cassia acutifolia ukitoka Sudani na Misri. Siku hizi wataalamu wa mimea wanauhesabu kuwa mmoja. "Maki" ni Makka, kwa kuwa biashara yake ilipitia Hijazi. Kinachotumika ni vijani na maganda. Vijiti na mashina hayamo.

Yunani ni Ugiriki, lakini Wagiriki wa kale, kina Hippocrates na Galen, hawakuijua sanamaki. Walioingiza ni matabibu wa ulimwengu wa Kiarabu katika karne ya 9, na Yuhanna ibn Masawayh wa Baghdad ni mmoja wao. Kwa hiyo hii ni dawa ya Kiarabu iliyovishwa hesabu ya Kigiriki.

Hesabu yenyewe ni ya majimaji manne ya mwili: damu, belghamu, safra na sauda (nyongo nyeusi). Hapa Mswahili aangalie asijikwae. Belghamu tunaijua. Lakini safra ni nyongo ya manjano, siyo safura yetu ya minyoo na upungufu wa damu. Wapo wanaosoma "inatoa safra" wakampa sanamaki mtoto mwenye minyoo. Minyoo ya safura haitoki kwa sanamaki.

Kiyunani, mizaji (tabia) ya sanamaki ni moto na ukavu (vitabu vinagombana kama ni daraja la kwanza au la pili, tusipoteze muda hapo), na kazi yake ni mus-hili, yaani kuendesha, ikitoa belghamu, safra na sauda. Ndiyo maana utaikuta hata katika dawa za viungo na za ngozi: majuni (dawa ya unga uliochanganywa na asali) ya suranjani wanayopewa wenye maumivu ya viungo ina sanamaki ndani, na majuni ya ushba ya ngozi vilevile. Hoja yao ni kwamba majimaji mabaya yakitolewa kwa chini, kiungo kinapumua.

Sasa hatua tatu zenyewe.

Kwanza ni munzij, kuuivisha uchafu kabla ya kuutoa. Mgonjwa hunywa dawa laini kila asubuhi: shamari, zabibu kavu zilizotolewa kokwa, tini, mzizi mtamu wa sus (likorisi). Zinalowekwa usiku kwenye maji ya moto, asubuhi zinachemshwa kidogo na kuchujwa. Kwa safra siku 3 hadi 5 zinatosha. Belghamu inakwenda siku 9 hivi, sauda 15 na kuendelea. Tabibu hutazama mkojo, na rangi na uzito wake vikibadilika anahesabu kuwa uchafu umeiva.

Pili ni mus-hili. Dawa za munzij zinaendelea, ila sasa anaongeza sanamaki, gulkandi (petali za waridi zilizopondwa na sukari), nyama ya ganda la khiyarshambar ambalo ni Cassia fistula, na mafuta kidogo ya lozi.

Tatu ni tabridi, kupoza. Siku inayofuata hakuna kuendesha. Ni ute wa ispaghula (mbegu zinazovimba zikilowekwa), sharubati, na mchele uliopikwa na choroko mpaka ukalainika. Kisha mus-hili tena, tabridi tena, kwa kawaida mizunguko mitatu.

Sisi tulichukua hatua ya pili, tukaacha ya kwanza na ya tatu, tukaacha na zile dawa za kuandamana nayo. Halafu tunalalamika tumbo.

Vipimo vya Kiyunani vya majani ni kati ya gramu 3 na 7. Asikikimbilie mtu hicho kipimo. Ni cha mgonjwa aliyeandaliwa na anayetazamwa.

#2 Pwani_tulivu

Ahsante mkuu, uzi umeshiba. Huku kwetu inachukuliwa konzi nzima, inachemshwa mpaka maji yawe meusi, mtu anakunywa kikombe asubuhi akiwa na njaa. Na wazee wanasema tumbo lisiposokota ujue haijafanya kazi. Kosa liko wapi hasa?

#3 NusuGramu

Makosa ni matatu hapo, nayajibu kwa upande wa famasia.

La kwanza ni kipimo. Jani lenye ubora unaokubalika kwenye vitabu vya dawa lina angalau asilimia 2.5 ya vile viini vinavyoendesha, senosaidi. Kipimo cha mtu mzima ni miligramu 15 hadi 30 kwa siku, mara moja. Piga hesabu: gramu 1 ya jani ni miligramu 25. Kwa hiyo gramu 0.6 hadi 1.2 zimetosha, na kwenye chai hata gramu 2 zinavumilika kwa sababu maji hayatoi kila kitu ndani ya jani. Konzi ya majani makavu inafika gramu 8 au 10 bila shida. Hiyo ni miligramu 200 na zaidi. Tumbo litaachaje kusokota?

La pili ni moto. Senosaidi zikichemshwa muda mrefu zinavunjika. Unapunguza dawa yenyewe, na kinachozaliwa ni viini huru vinavyouma tumbo huku juu kabla havijafika vinakotakiwa. Papo hapo unachemsha na utomvu wa jani, ambao tangu zamani unalaumiwa kwa msokoto. Maji meusi ni dalili ya kuharibu, siyo ya nguvu.

La tatu ni saa. Senosaidi haifanyi kazi tumboni wala kwenye utumbo mwembamba. Inapita huko kama ilivyo, ikifika utumbo mpana bakteria wanaivunja na kuifanya kitu kinachoitwa reini-antroni, na hicho ndicho kinachouamsha utumbo usukume na kuuzuia usinyonye maji. Safari hiyo inachukua saa 6 hadi 12. Anayekunywa asubuhi saa 1 atashikwa mchana akiwa kwenye daladala. Anayekunywa usiku saa 3 au saa 4 anaamka na choo.

Na ndiyo sababu ya kosa jingine baya: mtu anakunywa, saa 2 zinapita kimya, anadhani haijashika, anaongeza kikombe. Usiku wa manane vikombe vyote viwili vinafika pamoja. Ukishakunywa, subiri mpaka kesho. Kesho usiku ndipo unaongeza, tena kwa nusu gramu.

Wanaouliza hizi senosaidi zimejulikana lini: Arthur Stoll na wenzake Uswisi walizitenga mwaka 1941. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiipima kwa jicho.

#4 kinu_na_mchi

Mkuu NusuGramu umemaliza upande wa famasia. Mie nieleze muslihi, maana jibu la Kiyunani la msokoto liko hapo.

Kila dawa katika vitabu vyao ina sehemu inayotaja madhara yake (mudhiri) na kinachoyarekebisha (muslihi). Kwa sanamaki, mudhiri ni msokoto na kichefuchefu. Muslihi ni petali za waridi, mafuta ya lozi, anisi au shamari, tangawizi kavu. Hazikuwekwa kwa ajili ya ladha. Shamari na tangawizi zinatuliza gesi na mikazo, mafuta yanalainisha.

Namna ya kuandaa, kwa mtu mzima mmoja mwenye choo kigumu, bila ugonjwa mwingine:

Chukua majani, yatandaze kwenye ungo. Toa kila kijiti na kila jani jeusi. Kazi hii inachosha, lakini wafamasia wa Kiyunani wanaisisitiza kuliko zote, wanasema vijiti ndivyo vinavyosokota. Suuza kwa maji ya baridi mara moja, haraka, usiloweke.

Pima gramu 1 ya majani, gramu 1 ya petali kavu za waridi, nusu kijiko cha chai cha shamari iliyopondwa. Mimina juu yake maji yaliyotoka kuchemka, mililita 150, funika dakika 10 hadi 15, chuja bila kukamua. Machicha ukiyakamua unaleta ute na utomvu. Tia asali, kunywa ukielekea kulala.

Ya maji ya baridi ni nyororo zaidi: vipimo vile vile, ila maji yaliyochemshwa yakapoa, asubuhi hadi usiku, saa 10 hivi, kwenye friji. Narudia, kwenye friji. Majani haya yamekaushwa chini na kushikwa na mikono mingi, na joto la Dar au Tanga kwa saa 10 linaotesha vijidudu vya kutosha kukupa kuharisha kusikohusiana na dawa.

Ukitaka unga kwa ajili ya majuni, pondaponda kavu, chekecha kwa kitambaa chepesi, kisha paka mafuta ya lozi: kijiko kimoja cha chai kwa gramu 50 za unga, sugua kwa vidole mpaka ushikane kidogo. Ndipo uchanganye na asali mara tatu ya uzito wa unga wote. Itrifali ya sanamaki, majuni nyingine ya Kiyunani, inaanzia hapo, ikiongezewa matunda ya halela, balela na amla.

#5 Ungo_mwembamba

Tahadhari moja kwenye unga kabla watu hawajakimbilia kinu. Kijiko cha chai cha majani yaliyovunjika ni kama gramu 1, cha unga kinakaribia mara mbili. Na unga unaumeza wote, hakuna kinachobaki kwenye chujio. Kijiko cha majani na kijiko cha unga ni dawa mbili tofauti. Mzani mdogo wa gramu, wanaotumia sonara, haugharimu pesa nyingi.

Sasa kununua. Unga uliokwisha sagwa sokoni usinunue kabisa, hakuna anayeweza kukwambia una nini. Nunua jani zima na ulitazame.

Jani la kweli ni jembamba kama mkuki, urefu sentimita 2 hadi 5, rangi kijani iliyochuja kuelekea manjano, jepesi, linakatika likikunjwa. Alama kubwa ni kitako: pande mbili za jani hazikutani sawasawa kwenye kikonyo, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Shika majani 10, angalia vitako 10. Harufu ni hafifu, inakaribia majani ya chai. Ukilitafuna, kwanza ni ute, uchungu unakuja nyuma.

Mzigo wa upande wa Sudani na Misri tangu zamani unachanganywa na majani ya argeli (Solenostemma argel). Hilo ni nene, la kijivu, limejikunja, na kitako chake kiko sawa pande zote. Ni chungu tangu mwanzo. Mzigo wa India unaweza kuwa na majani ya Cassia auriculata, ambayo hayana senosaidi. Utakunywa kikombe, utalala, utaamka vile vile, useme sanamaki haifai.

Lakini la kuogopwa kuliko yote liko nyumbani kwetu: mwingajini, Senna occidentalis, unaoota kila kando ya barabara na kila kiwanja kilichoachwa. Ni wa ukoo mmoja, maua ya manjano vilevile, na kuna wanaouita "sanamaki ya kienyeji". Kitako cha jani lake ni cha mviringo na jani ni pana, linanuka likipondwa. Mbegu zake ni sumu kwa ini, misuli na ubongo. Huko Uttar Pradesh magharibi, India, watoto waliokula maganda yake walikufa, na kwa miaka ilidhaniwa ni virusi vya ubongo kabla mbegu hizo hazijagunduliwa. Jirani akikuletea sanamaki aliyoichuma mwenyewe huku kwetu kunakonyesha kila wiki, wakati sanamaki ya kweli inataka mvua chache, mshukuru, uitupe.

Maganda sijayataja. Ni bapa, kama karatasi ngumu iliyopinda kidogo, la India jembamba, la Misri pana kufikia sentimita 2 na kitu. Kwa wasiovumilia jani, ganda ni nyororo zaidi: maganda 4 hadi 12 ya India, au 3 hadi 6 ya Misri, kwenye mililita 150 za maji ya vuguvugu, saa 6 hadi 12. Anza na idadi ya chini.

#6 Bint_Shangani

Assalaam alaykum. Nimefuata uzi tangu juu, Mungu awazidishie. Naomba kuuliza kuhusu hadithi ya sanamaki. Tunasikia misikitini kuwa ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo, na kwamba inaliwa na sanuti. Sanuti ni nini? Na kama ni dawa ya kila kitu, mbona hapa mnaifanya ya choo tu?

#7 kinu_na_mchi

Wa alaykumu ssalaam dada yangu.

Riwaya mbili zinachanganywa. Ya kwanza ni ya Asma binti Umays, ipo kwa Tirmidhi na Ibn Majah: aliulizwa na Mtume anatumia nini kujiendesha, akasema shubrumu, akaambiwa hiyo ni moto mkali. Kisha akatumia sanamaki, na hapo ndipo lilipokuja neno kwamba kama kingekuwapo kinachoponya mauti, kingekuwa hicho. Shubrumu ni mmea wa ukoo wa yuforbia, wenye utomvu wa kuunguza. Kwa hiyo mazungumzo yenyewe tangu neno la kwanza ni ya dawa ya kuendesha, na kinachosifiwa ni laini kuliko kikali. Tirmidhi mwenyewe aliiita hadithi hii gharibu, yaani iliyopokewa kwa njia moja tu.

Ya pili, kwa Ibn Majah, ndiyo ya "sana na sanuti". Sanuti wameitafsiri tofauti: mmoja wa wapokezi alisema ni shibiti, ile bizari yenye majani kama nyuzi. Wengine wakasema ni asali iliyowekwa kwenye kiriba cha samli. Tazama lakini: bizari kwa upande mmoja, asali na mafuta kwa upande mwingine. Tafsiri zote mbili ni muslihi. Yeyote aliye sahihi, sanamaki haikupangwa inywewe peke yake.

Kuhusu kila ugonjwa, mwaka 2020 wakati wa korona sanamaki ilivamiwa madukani Pakistani mpaka bei ikapaa, watu wakinywa kama tiba ya mapafu. Madaktari wakapata wagonjwa wa homa walioishiwa maji mwilini kwa kuharisha. Mgonjwa wa homa anapoteza maji tayari.

#8 mizani_haidanganyi

Naomba na hili liguswe: kuna chai za kupunguza tumbo na "kusafisha sumu", nyingi nikisoma pembeni ya boksi naona senna. Zinashusha kilo kweli. Kwa nini wataalamu mnazipinga?

#9 NusuGramu

Zinashusha kilo za maji na kinyesi. Chakula kinanyonywa kwenye utumbo mwembamba, na kama nilivyoeleza, senosaidi inaamka kwenye utumbo mpana, baada ya mafuta na sukari kwishaingia mwilini. Ukinywa maji siku mbili kilo zinarudi.

Tatizo linakuja kwa kurudia. Kuharisha kila siku kunatoa potasiamu. Potasiamu ikishuka, misuli inalegea, na utumbo wenyewe ni msuli, kwa hiyo choo kinazidi kufunga na mtu anaongeza kipimo. Moyo nao unaanza kwenda ovyo. Ukiona mtu wa chai hizi analalamika miguu kuchoka na moyo kurukaruka, kiwango cha potasiamu kwenye damu ndicho cha kwanza kupimwa.

Mtumiaji wa muda mrefu pia anapata ukuta wa utumbo mpana uliogeuka kahawia kama ngozi ya chui. Daktari akiingiza kamera anaona mara moja. Rangi hiyo si saratani na inafutika miezi kadhaa baada ya kuacha, lakini inamuumbua mtu aliyesema hatumii kitu.

Mpaka wa kawaida ni wiki 1 hadi 2, kisha uache. Na hata ndani ya hizo wiki si lazima kila siku: mara 2 au 3 kwa wiki hutosha. Choo kikiendelea kufunga baada ya hapo, tafuta chanzo: maji, nyuzinyuzi, vidonge vya madini ya chuma, tezi ya shingo. Wanaoruhusiwa kuendelea muda mrefu ni kama wagonjwa wa saratani wanaotumia mofini, kwa sababu mofini hufunga choo kila siku inayotumika. Senna imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyo, na kipimo anapanga daktari.

#10 Zamu_ya_usiku

Niongeze wasiopaswa kuigusa, maana hospitali tunawapokea wakiwa wamechelewa.

Mwenye maumivu ya tumbo ambayo hayajajulikana. Hili naliweka mbele. Kidole tumbo kinaanza na maumivu ya kitovuni, kichefuchefu, na pengine choo kutotoka, mtu anadhani amejaa. Sanamaki inausukuma utumbo uliovimba, na kidole tumbo kinaweza kupasuka. Utumbo ulioziba ni vilevile: tumbo limevimba, unatapika, hata ushuzi hautoki. Hapo ni gari, siyo kikombe.

Mwenye vidonda vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo). Mwenye figo au moyo mbovu. Mjamzito asijitibu kwa majani haya, na anayenyonyesha aulize kwanza, kwani kiasi kidogo kinapita kwenye maziwa.

Watoto chini ya miaka 12 wasipewe nyumbani. Wengi hawajui kwamba mtoto wa nepi akiipata, kinyesi kikikaa usiku kucha kinamtoa malengelenge makalioni yanayofanana kabisa na kuunguzwa na maji ya moto. Wazazi wamewahi kushukiwa bure.

Dawa za kuchanganyika vibaya: digoksini ya moyo, vidonge vya kukojoza kama furosemaidi, na steroidi kama prednisoloni. Zote njia ni ile ile ya potasiamu. Hapo mkuu kinu_na_mchi naomba urudi kwenye ile orodha yako ya munzij, kwa sababu mzizi wa sus nao unashusha potasiamu na kupandisha presha. Sus siku 9 mfululizo halafu sanamaki mizunguko mitatu kwa mtu wa presha anayetumia furosemaidi, ni hatari iliyopangwa kwa ratiba. Akina mama wa vidonge vya uzazi wa mpango: kuharisha sana kukipita saa 24, jihesabu kama umeruka kidonge.

La kutowatisha: mkojo kuwa wa manjano iliyokolea au mwekundu siku hiyo. Ni rangi ya dawa.

Na ukishazidisha, usinywe dawa ya kufunga tumbo. Kunywa maji ya ORS kidogo kidogo, na ndizi mbivu au maji ya dafu kwa ajili ya potasiamu. Kizunguzungu ukisimama, mkojo kukauka, damu kwenye choo au moyo kurukaruka ni kwenda hospitali.

#11 kinu_na_mchi

Nimekubali kuhusu sus, na ni kweli sikuitenga. Mwenye presha aitoe kabisa, shamari, tini na zabibu zinajitosheleza.

#12 Mtaro_wa_mchanga

Mnaouliza kupanda: sanamaki ya biashara inatoka zaidi Tamil Nadu kusini mwa India, wilaya za Tirunelveli na Thoothukudi, na mkitazama hali ya hewa ya huko mtaelewa mahitaji yake. Udongo wa kichanga, jua kali, mvua chache. Kinachoiua ni maji kutuama. Siku mbili za dimbwi mizizi inaoza.

Mbegu ina ganda gumu. Isugue na mchanga wa kukwaruza, iloweke usiku mmoja, kisha panda kina cha sentimita 1 na nusu, nafasi sentimita 45 kwa 30. Ikianza kutoa maua, kama miezi 2 hivi, kata vikonyo vya maua ya kwanza ili nguvu ibaki kwenye majani. Uchumaji wa kwanza ni kati ya siku 60 na 90, halafu unarudi mara mbili kila baada ya mwezi mmoja hivi. Viwavi wa vipepeo wa Catopsilia wanaipenda kupita kiasi. Kagua upande wa chini wa jani kila asubuhi, mayai ni madogo kama punje nyeupe zilizosimama.

Kukausha ni kivulini, tabaka jembamba, kugeuza kila siku, siku 7 hadi 10. Ukilundika, majani ya ndani yanapata joto na kuwa meusi, na hayo ndiyo kinu_na_mchi anayowaambia myatoe. Yakishakauka, weka kwenye chombo kisichopitisha unyevu, gizani. Unyevunyevu wa pwani unaimaliza nguvu haraka kuliko muda.

#13 Pwani_tulivu

Shukrani wakuu. La mwisho: kuna unga wa kijani wa kupaka nywele unaitwa hina isiyo na rangi, muuzaji kasema ni sanamaki. Uliobaki naweza kunywa?

#14 Ungo_mwembamba

Usinywe. Huo mara nyingi ni Senna italica, ndugu wa sanamaki mwenye jani la duara kwenye ncha, na umesagwa kwa kazi ya nywele: haukupimwa kwa mdomo, na wengine wanaupaka rangi uonekane wa kijani zaidi. Paka kichwani, nusu saa hadi saa moja, suuza. Kwenye nywele za mvi unaacha umanjano kidogo.

#15 Pwani_tulivu

Nimekuelewa. Mzani wa sonara nimeuagiza.